Sura ya Sita: Ubao Uliokauka

Chumba alichofia Jonasi Kibona kilikuwa hakijafagiliwa, na Inspekta Tabita Nzunda alishukuru kwa hilo, maana katika nyumba nyingi za msiba ufagio humtangulia askari. Alivaa glovu mlangoni, akamwonya Koplo Ambwene asiguse kitu mpaka aambiwe. Nje, chini ya turubai, akina mama waliimba wimbo wa kanisani kwa sauti zilizochoka za watu waliokesha.

Gari la kuupeleka mwili Ikinga, kule milimani Ileje, lilipangwa kuondoka baada ya ibada ya mchana. Mke wa marehemu hakutarajiwa kuwamo. Aida Simbeye alikuwa mahabusu kituoni Tunduma, akidaiwa kumwekea mumewe sumu, na mtoto wao Brenda, ambaye alikuwa hajaachishwa ziwa, alikuwa akilia mgongoni kwa shangazi yake. Yesaya, baba mdogo wa marehemu, alikwisha kusema mbele ya waombolezaji wote kwamba Jonasi akizikwa Ikinga, mtoto atabaki Ikinga, na mwanamke yule asikanyage kaburi wala asiulize habari za mtoto.

Mkuu wa upelelezi naye alisema lake asubuhi hiyo. Angeweza kumwachia Aida, kwa kuwa hajafikishwa mahakamani, lakini ukoo usipokubali atakuwa amemtoa mahabusu na kumkabidhi kwa wenye mawe. Kama Tabita alikuwa na kitu, akilete kabla gari halijaondoka.

Ndiyo maana alikuwa amerudi chumbani, ingawa picha zote zilikwisha kupigwa.

Katikati ya chumba, juu ya vigoda viwili, ulilala ubao wa kuchezea mawimbi. Ni ubao kwa jina tu. Ndani ni povu gumu, nje ni gamba la nyuzi za kioo, mrefu kumpita mtu na umechongoka ncha zote mbili. Katika mji ambao bahari yake ni foleni ya malori, kitu cha namna hiyo hakikosi maneno. Mtaani walisema Jonasi ameanza kuchora mifuniko ya majeneza ya wazungu, na kwamba mwenye kazi kaja kuchukua na mtu wa kulala ndani. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Tabita alikuwa amekaa kazini muda wa kutosha kujua kwamba lisemwalo mara nyingi limetungwa.

Ukweli ulikuwa mwepesi zaidi. Jonasi alikuwa fundi wa kuchora malori, simba kwenye trela, mistari ya Biblia juu ya kioo cha mbele. Dereva mmoja wa njia ya Dar es Salaam, jina lake Ferdinand, ndiye aliyemletea ubao wa kwanza kutoka kwa vijana wa pwani wanaocheza na mawimbi. Waliupenda mchoro, wakaleta na mwingine, na mwingine. Kazi hiyo Jonasi aliifanyia nyumbani kwa sababu gereji ina vumbi, na vumbi likidondoka juu ya mchoro mbichi halitoki tena.

Tabita aliinama akautazama ule mchoro. Jonasi alikuwa hajawahi kuiona bahari maishani mwake. Alipoambiwa achore mawimbi, alichora kile alichokijua: migongo ya milima ya Ileje, buluu nyuma ya buluu, na ukungu wa asubuhi katikati yake. Tabita, mzaliwa wa Hasamba katika wilaya ya jirani, aliitambua milima ile mara moja, akajikuta amekasirika kwamba mkono uliofanya kazi ile sasa uko mochwari.

"Nikumbushe ya Ferdinand," alisema.

Ambwene alimkumbusha. Ferdinand ndiye aliyehojiwa wa kwanza, kwa kuwa majirani walimsikia akigombana na Jonasi getini siku ile ya mwisho. Alikiri ugomvi bila kuzungushazungusha. Alitaka mbao mbili zikamilike, safari yake ya kushuka pwani ilikuwa imekaribia, na Jonasi alimwambia haiwezekani. Resini, ile gundi nzito inayong'aa kama asali ambayo humwagwa juu ya mchoro ili maji ya chumvi yasiule, ilikuwa inagoma kukauka katika baridi ya kipupwe. Usiku wa kifo Ferdinand alikuwa upande wa Zambia na lori lake, na muhuri wa mpakani ulimtetea. Wakamwacha.

Baada yake ndipo ilipopatikana chupa. Mashangazi walifungua sanduku la nguo la Aida wakakuta chupa ndogo yenye picha ya fuvu, imeviringishwa katika kitenge. Aida hakulala nyumbani usiku ule. Ukijumlisha chupa na mke asiyekuwapo, mtaa mzima ukawa hakimu.

Tabita alivua glovu moja, akagusa ubao kwa ncha ya kidole. Akabonyeza. Akakwaruza kwa ukucha. Ulikuwa mkavu kabisa, mgumu kama sahani ya udongo.

"Ferdinand alisema haikauki," alisema.

"Labda imekauka baadaye, afande. Zimepita siku."

"Ule mwingine uko wapi?"

Ubao wa pili ulikuwa stoo, ng'ambo ya korido, umeegemezwa ukutani nyuma ya magunia ya mahindi. Huo mchoro wake ulikuwa samaki. Tabita alimwambia Ambwene auguse, na Ambwene, mtu wa kutii, akaweka dole gumba lake lote. Lilipotoka lilitoka na uzi wa gundi, na alama yake ikabaki juu ya samaki.

Tabita hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka. Walirudi chumbani na safari hii wakaanza kutafuta kitu kimoja tu: joto. Madirisha yote mawili yalikuwa yamebandikwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi, pembe hadi pembe, vumbi la barabarani lisipenye. Dari lilikuwa la bodi, limezibwa vizuri. Sakafuni Jonasi alitandika nailoni ya kukinga matone ya rangi, na karibu na mkeka aliolalia, upande wa miguu, nailoni hiyo ilikuwa imekunjamana kwa joto katika duara, upana wa sufuria ya ugali. Ndani ya duara mlikuwa na majivu kidogo, meupe, laini.

"Hapa palikuwa na jiko la mkaa," Tabita alisema. "Halimo kwenye picha zako. Halimo kwenye maelezo ya mtu yeyote. Liko wapi?"

Ambwene alionekana kushangazwa na swali lenyewe. "Si litakuwa limetolewa, afande? Moto wa marehemu haubaki ndani. Hata kwetu, mtu akikata roho, bibi mkubwa wa nyumba anatoa moto kwanza, anamwaga majivu, ndipo kilio kinaanza."

"Na hukuandika."

"Kuandika nini? Ni kama kuandika kwamba watu walikaa chini."

Tabita alitaka kumgombeza, kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe amezaliwa katika desturi hiyohiyo na hakuuliza. Kupitia mlango wa nyuma aliona uani jiko dogo la bati, na juu yake birika kubwa la msibani likifuka mvuke. Chai ile aliinywa jana yake, na tena asubuhi hiyo. Alisimama akiliangalia mpaka Ambwene akamgusa kiwiko.

Walikwenda kituoni kwanza. Aida aliletwa katika chumba cha mahojiano akiwa amejitanda kitenge, sehemu ya kifuani ikiwa imelowa maziwa. Hakuuliza habari za kesi. Aliuliza kama Brenda amekula.

Tabita alimwambia ukweli, kwamba mtoto amepewa uji na analia. Kisha akamtaka aeleze kazi ya siku ile, hatua kwa hatua, na Aida akaeleza kama mtu aliyeifanya mara nyingi. Yeye ndiye aliyemshikia Jonasi mbao wakati wa kuzipiga msasa. Yeye ndiye aliyechanganya resini na dawa ya kuikaza, ile ya kwenye chupa yenye fuvu, kwa sababu mkono wake ulikuwa hautetemeki. Mbao zote mbili zilimwagiwa mchanganyiko mmoja, alasiri moja. Kisha Jonasi akaupeleka wa samaki stoo ili apate nafasi ya kuuzunguka mwingine. Chupa aliificha sandukuni kwa kuwa Brenda ameanza kupanda juu ya kila kitu. Akaenda kulala kwa dada yake, kama kila mara resini ilipomwagwa, maana harufu ilikuwa inamkohoza mtoto; Jonasi akabaki kulala kando ya kazi yake.

"Nani aliwasha jiko chumbani?"

"Jiko?" Aida alitikisa kichwa. "Hapana, afande. Moto hauingii chumba kile. Mna tina, mna rangi, vyote hushika moto. Jonasi hata mtu wa sigara alikuwa anamzuia getini. Angeona jiko mle angelitupa nje na mikono yake."

"Na kama alikuwa amelala?"

Tabita aliona jibu likiingia usoni mwa Aida, kisha likafungiwa ndani. Katika nyumba ile, usiku ule, walikuwa watu wawili tu, Jonasi na mama yake aliyekuja kutoka Ikinga kumwona mjukuu.

"Nataka kumzika mume wangu," Aida alisema. "Na mtoto wangu anyonye. Mengine sijui."

Tabita hakumlazimisha. Alimheshimu kwa kutotaja jina.

Kutoka kwenye korido alimpigia simu daktari aliyeufanyia mwili uchunguzi. Daktari alisema ameandika kwamba madoa ya damu mwilini yalikuwa mekundu kupita kawaida, na kwamba hakupata dalili ya sumu tumboni, ila alikuwa akingojea maabara kabla ya kutamka. Tabita alipomwambia habari ya jiko na utepe madirishani, daktari alirudi kwenye karatasi zake. Kisha akasema hilo linaeleza kila alichokiona, na kwamba damu itapimwa hewa ya mkaa siku hiyohiyo.

Sasa Tabita alikuwa na kitu. Kilichobaki alikiogopa, kwa sababu mlalamikaji katika jalada lile, mtu aliyeweka dole gumba chini ya maneno "mkamwana wangu amemuua mwanangu", alikuwa mama wa marehemu.

Walimkuta mama huyo, Ketrina, amekaa katikati ya akina mama, miguu ameinyoosha, kanga ameifunga kiunoni kwa namna ya wafiwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono imekomaa kwa jembe. Tabita alimwomba wazungumze pembeni, naye akafuata bila kuuliza, wakakaa kwenye benchi nyuma ya nyumba. Ambwene alisimama mbali kidogo, karatasi ya maelezo mkononi.

Tabita alimpa pole tena. Kisha akamuuliza asubuhi ile, alipomkuta mwanawe, alifanya nini kwanza.

"Nilimwita. Hakuitika. Nikamshika mguu, wa baridi." Ketrina alizungumza polepole, Kiswahili chake kikipanda na kushuka kwa lafudhi ya Kindali, lugha ya kwao. "Nikajua. Nikatoa moto nje, nikamwaga majivu kule kwenye migomba. Mtu akifa, moto wake haulali ndani pamoja naye. Ndipo nikapiga kelele."

"Moto ulikuwa chumbani kwake?"

"Kwenye jiko, pale miguuni."

"Nani aliuingiza, mama?"

"Mimi," alisema Ketrina, bila kusita, na hata kwa fahari kidogo ya mama. "Nani mwingine? Mkewe hakuwepo. Jioni mwanangu alikuwa analalamika, mama, baridi hii inaniharibia kazi, kitu hakikauki. Nikaenda kumchungulia. Amelala chini, kajikunja, koti tu juu yake. Nikawasha mkaa nje. Nikangoja ukolee mpaka moshi uishe wote, maana mimi si mtoto, moshi naujua. Nikauweka miguuni pake taratibu asiamke. Nikasukuma gunia chini ya mlango, baridi isipite. Nikasema, akiamka atakuta mwili una joto na kazi yake imekauka."

Ambwene aliacha kuandika.

Tabita alijua maswali ya kumfanya shahidi aendelee, na alijua maswali ya kumbana mwongo. Kwa mtu asiyeficha lolote hakuwa na swali. Aliuliza tu kama kule Ikinga hulala na moto.

"Tangu kuzaliwa. Jonasi mwenyewe nilimzaa kando ya moto."

"Nyumba yenu, mama, kati ya ukuta na paa pana nafasi?"

"Ipo. Panya wanapita, itakuwa hewa?" Ketrina alijibu, na maneno yake mwenyewe yakamfikisha mahali ambapo hakutaka kufika.

Ilibidi mtu ayamalizie. Tabita alimweleza kwa sauti ya chini kwamba mkaa hata ukikolea, hata moshi ukiisha, hutoa hewa isiyoonekana na isiyo na harufu. Kule Ikinga hewa hiyo ilikuwa ikipanda na kutokea juu. Hapa mlikuwa na dari, madirisha yamebandikwa, na mlango umezibwa chini. Aliyelala akiivuta haamki. Ubao mmoja ulikauka kwa joto la jiko lile, na mwingine ulioachwa stoo ukabaki mbichi. Daktari ameiona damu yake, nyekundu kupita kawaida.

Ketrina aliitazama mikono yake, juu, kisha viganja.

"Kwa hiyo si Aida."

"Si Aida."

"Ni mimi."

"Ni hewa ya mkaa, mama. Hukukusudia. Sheria inajua tofauti." Tabita aliyasema maneno hayo na kuyaona jinsi yalivyo madogo. Aliona huruma, na aibu pia, ya kuwa yeye ndiye aliyeileta habari hii kwa mtu ambaye saa moja iliyopita alikuwa amefiwa tu.

Alimweleza njia iliyokuwapo. Maelezo yake yangeandikwa na kuwekwa kwenye jalada. Yesaya na ukoo wangeambiwa na polisi kwamba haikuwa sumu, basi. Hakuna aliyelazimika kujua jiko liliingizwa na nani.

"Watawaamini polisi?" Ketrina aliuliza.

Tabita angeweza kumdanganya. "Hapana," alisema. "Watasema tumehongwa na ndugu wa Aida."

"Na Brenda?"

"Watamchukua."

Ketrina alijizoazoa akasimama. Hakuomba mkono. Alipita uani, akafika penye lile jiko, akaliondoa birika, akaliweka chini. Kisha akaingia chini ya turubai na kusimama mbele ya jeneza, lililokuwa limekwisha kuletwa kutoka mochwari. Wimbo ukakatika wenyewe, maana mfiwa mkuu hasimami hivyo bila sababu.

"Nisikilizeni," alisema. "Aida hakumpa Jonasi kitu chochote. Jiko la mkaa nililiingiza mimi, amelala, na mlango nikauziba. Ndilo lililomuua. Nendeni mkamlete mkwe wangu aje amzike mumewe."

Yesaya aliinuka upesi, akasema shemeji yake amechanganyikiwa kwa uchungu, akae, apewe maji. Ketrina akarudia maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, sauti ileile. Yesaya akamtazama Tabita, akitaka akanushe. Tabita akamwambia kwamba ndivyo ilivyo na kwamba daktari anathibitisha. Mzee yule akakaa, akavua kofia, akaishika magotini. Hakuna aliyelia. Lakini Ketrina aliporudi mkekani, akina mama waliokuwa wamemwegemea tangu jana walisogea, huyu kidogo, yule kidogo, mpaka akabaki peke yake katikati.

Ambwene alilichukua jiko kama kielelezo, limefungwa kwenye gunia. Mkuu wa upelelezi, alipopigiwa simu na kusomewa maelezo yote, alitaka kusikia mara mbili sehemu ya ubao wa stoo, kisha akasema Aida aachiwe.

Tabita alimfuata mwenyewe. Njiani, wakisubiri trela moja ligeuze na kuziba barabara nzima, alimwambia kila kitu. Aida alisikiliza akiangalia mbele. Aliuliza jambo moja tu.

"Mama amekwisha kujua?"

"Amejua. Amesema mwenyewe mbele ya watu wote."

Aida alijifuta macho kwa pindo la kitenge. Alisema mama mkwe wake ndiye aliyemtia mahabusu kwa ajili ya chupa ile, ndiye aliyempigia kelele mbele ya majirani kwamba Wanamwanga, watu wa kabila lake, ni wauaji, na kwamba maneno hayo hatayasahau. Alisema kwa uchungu, bila kuficha, na Tabita hakuona sababu ya kumtuliza.

Walipofika, jeneza lilikuwa limekwisha kupakiwa na basi dogo la waombolezaji linaunguruma. Shangazi alimkabidhi Aida mtoto. Brenda alilidaka ziwa papo hapo, mbele ya wote, akanyonya kwa pupa huku amekamata kitenge kwa mikono yote miwili. Watu wakampisha Aida njia, wakampa pole kwa sauti za chini, na mmoja akamfungulia mlango wa mbele, nafasi ya heshima, kando ya Yesaya.

Aida aliuacha mlango huo, akapanda kwa ule wa abiria, akaangalia ndani. Ketrina alikuwa kiti cha nyuma kabisa, dirishani, na kiti cha kando yake kilikuwa kitupu ingawa watu wawili walikuwa wamesimama. Aida alipita katikati ya viti, akishika huku na huku, mpaka akafika. Akakaa.

Kikongwe hakugeuka.

Mtoto alikuwa ameshiba, ameanza kusinzia. Aida alimtoa kifuani, akafunga nguo yake, akamweka mapajani pa Ketrina, na kuishika mikono ile iliyokomaa kwa jembe, mmoja mmoja, akaizungushia mtoto.

"Mshike vizuri, mama," alisema. "Njia ya Ileje ina kona."